Kidude cha mkononi, gemu za zamani na sevu ya dada: shajara ya mradi

Lengo ni dogo. Kaseti na CD za gemu zilizolala kwenye boksi miaka mingi zichezeke kwenye kidude kimoja cha kuingia mfukoni, na sevu ya dada yangu, yaani kumbukumbu ya alipofikia kwenye gemu, ihamie humo ikiwa nzima. Tukiwa watoto, dada alicheza gemu moja ya Game Boy mpaka ikafika saa 61, halafu hakuimaliza. Nilipomwambia nataka kuifungua ile kaseti, alinijibu kwamba ikifutika tusijuane.

Nitaandika kila hatua ikiisha. Yaliyokwenda sawa nitayapita haraka. Yaliyonitoa jasho nitayaeleza kirefu, ili ukifuata nyayo hizi usijikwae palepale.

Jumamosi, 3 Mei 2025: kadi iliyokuja na kidude

Kidude chenyewe ni cha bei ya chini: skrini ya inchi 3.5 yenye pikseli 640 kwa 480, chipu ya RK3326 yenye kore nne za Cortex-A35, RAM ya GB 1, na matundu mawili ya kadi ndogo. Tundu la kwanza ni la mfumo, la pili la gemu. Kilikuja na kadi yake tayari, imejazwa gemu ambazo sikuziomba, haina nembo wala jina la aliyeitengeneza. Kadi za namna hiyo hufa mapema, kwa hiyo kabla ya kucheza chochote niliamua kuinakili nzima kwenye kompyuta.

Nilianza na `dd` ya kawaida, amri ya Linux ya kunakili diski nzima. Ilipofika kama theluthi mbili ikakwama na kutoa kosa la kusoma. Nikarudia, ikakwama palepale. Kadi haijamaliza hata siku moja na tayari ina mabaka! Nikahamia `ddrescue`, ambayo haisimami kwenye pabovu. Inaruka, inasoma yaliyobaki, kisha inarudi kujaribu tena:

`sudo ddrescue -d /dev/sdb kadi_asili.img kadi_asili.map`

Angalia vizuri hiyo `/dev/sdb`, kwa sababu kwenye kompyuta yako inaweza kuwa diski ya picha za familia. Endesha `lsblk` kwanza, ikuorodheshee diski zilizopo.

Saa mbili na nusu baadaye nilikuwa na nakala yenye matundu machache, yote upande wa gemu. Sehemu ya kuwashia mfumo, ambayo huwa mwanzoni mwa kadi, ilisomeka yote. Wakati huo niliona nimejisumbua bure. Kesho yake nilibadili mawazo.

Kadi mpya nilinunua mbili. Moja iliandikwa GB 128. Nikaipima kwa `f3write` kisha `f3read`, programu zinazojaza kadi data halafu kuisoma tena kuona kama kilichoingia ndicho kinachotoka. Ilikuwa na GB 29 za kweli. Zilizobaki ni hewa. Kadi ya aina hii haikuambii kitu inapojaa. Inapokea mafaili, inaonyesha majina yake, na ukifungua ndani hakuna kitu. Nimeirudisha. Ya pili, GB 64, ikapita safi.

Gharama ya siku: saa tano, kadi moja ya kutupa na moja ya kurudishwa.

Jumapili, 4 Mei: muziki upo, picha hakuna

Nilichagua mfumo wa Linux unaotengenezwa na watu wa kujitolea, wenye EmulationStation kwa ajili ya menyu na RetroArch ya kuendesha gemu. Kuuandika kwenye kadi kwa balenaEtcher kulichukua dakika kumi. Nikachomeka, nikabonyeza batani ya kuwasha, taa ikawaka, skrini ikabaki nyeusi.

Nikaandika kadi upya. Nyeusi. Nikapakua mfumo upya na kulinganisha heshi yake (namba inayokokotolewa kutoka kwenye yaliyomo, faili likibadilika nayo inabadilika) na ile iliyotolewa na watengenezaji. Ziko sawa, na bado nyeusi. Nikiwa karibu kukata tamaa, nikabonyeza batani ya chini bila kukusudia na kusikia mlio mdogo. Nikabonyeza tena, ukalia tena. Kumbe mfumo ulikuwa umewaka zamani na menyu ipo. Nilikuwa natembea ndani yake gizani.

Sababu ni hii. Vidude vya chipu hii huonekana sawa kwa nje, lakini kiwandani hufungwa skrini za aina tofauti kulingana na kilichopatikana wiki hiyo. Linux inajua ni skrini gani iliyopo kwa kusoma faili dogo lenye kiambishi `.dtb`. Mfumo niliopakua ulikuwa na faili la skrini nyingine.

Faili sahihi lilikuwa wapi? Kwenye ile nakala ya jana. Niliifungua, nikachukua mafaili ya `.dtb` kutoka sehemu ya kuwashia, nikayaweka juu ya yale ya kadi mpya kwa majina yaleyale ambayo mfumo unayatafuta. Nikawasha. Picha ikaja, angavu kabisa.

Kwa hiyo ukifuta kadi ya asili kabla ya kuinakili, unaweza kubaki na kidude kinachoimba bila kuonyesha uso, ukianza kubahatisha mafaili ya watu wengine mojamoja.

Jumamosi, 10 Mei: kunyonya kaseti

Gemu ninazoweka ni zangu, kwa hiyo nilinunua kisomaji cha kaseti cha USB. Ndicho kitu ghali kuliko vyote kwenye mradi huu. Bei yake inakaribia ya kidude chenyewe. Kinashika kaseti za Game Boy, Game Boy Color na Game Boy Advance, na kinatoa vitu viwili: gemu yenyewe na sevu.

Kwanza kaseti za majaribio, zisizo na mwenyewe wa kunidai. Ya kwanza ilisoma, lakini programu ikalalamika kwamba kichwa cha gemu si sahihi. Kila kaseti ya Game Boy ina eneo mwanzoni lenye nembo, jina la gemu na tarakimu ya ukaguzi. Visipolingana, ulichosoma ni takataka. Nilisoma mara tatu, nikapata heshi tatu tofauti. Hapo hata sikuhitaji kuambiwa.

Dawa yake ni ya kizamani: pamba ya kijiti na isopropili, aina ya spiriti ya kusafishia. Sugua meno ya shaba taratibu, upande mmoja, usipeleke mbele na nyuma kama unapiga mswaki. Pamba ya kwanza ilitoka nyeusi yenye rangi ya kijani pembeni, ya pili ya kijivu, ya nne nyeupe. Acha ikauke dakika tano. Na tafadhali usipulizie mdomo, najua sote tulifanya hivyo. Mate ndiyo yaliyoleta hiyo kutu.

Baada ya hapo utaratibu wangu ukawa huu: kila kaseti inasomwa mara mbili, kati ya safari hizo inachomolewa na kuchomekwa upya, na heshi za MD5 lazima zifanane. Kaseti kumi na moja, saa tatu. Mbili zilikataa mpaka nilipozisafisha mara ya pili.

Jumapili, 11 Mei: kaseti ya dada

Hii niliipa siku yake.

Kaseti nyingi za enzi ile huhifadhi sevu kwenye chipu ya SRAM, ambayo hukumbuka tu ikiwa na umeme. Umeme huo unatoka kwenye betri ndogo bapa iliyolehemewa ndani. Betri ikifa, sevu inakwenda nayo. Ukiitoa betri ili kuweka mpya kabla ya kusoma sevu, umeiua mwenyewe. Kwa hiyo mpango ulikuwa kusoma kwanza, kupima baadaye.

Nilisafisha meno kwa uangalifu nisioutumia hata kwenye miwani yangu. Nikaanza na gemu: MB 1, mara mbili, heshi sawa. Kisha sevu: baiti 32,768. Mara ya pili, heshi sawa. Mara ya tatu kwa sababu ya woga tu, sawa tena. Nikaifungua sevu kwenye kihariri cha heksadesimali, kinachoonyesha baiti mojamoja, kuona kama si sifuri tupu au FF tupu, sura za chipu isiyo na kitu. Ilikuwa imejaa vitu mchanganyiko, ambayo ndiyo sura ya sevu iliyo hai.

Ndipo nikafungua kaseti na kuweka kipima volti kwenye betri. Mpya huwa na volti 3. Hii ilikuwa na 2.6. Inapumua, ila sikutaka kujua ingepumua mpaka lini.

Nikaweka nakala tatu za lile faili: kompyuta, diski ya nje, na barua pepe niliyojitumia mwenyewe.

Jumamosi, 17 Mei: "Anza upya"

Nikahamisha gemu na sevu kwenye ile kadi ya GB 64. Nikafungua gemu ya dada. Menyu ikaniletea chaguo moja tu: kuanza upya. Hakuna "endelea".

Moyo ulishtuka, ingawa nilijua nina nakala tatu. Makosa yalikuwa mawili na yote yangu. Kisomaji hutoa sevu yenye kiambishi `.sav`, wakati RetroArch inatafuta `.srm` yenye jina lilelile la gemu, herufi kwa herufi. Nikabadilisha jina. Bado "anza upya". La pili: RetroArch ilikuwa imewekwa kupanga sevu kwenye folda kulingana na jina la emuleta (programu inayoiga mashine ya zamani) inayotumika, na mimi niliweka faili nje ya folda hiyo. Zaidi ya hapo, ilikuwa imeshatengeneza `.srm` yake tupu mahali panapotakiwa, kwa hiyo ilinibidi niifute kwanza gemu ikiwa imefungwa.

Mara ya tatu, "endelea" ikatokea. Shujaa anaitwa CHUI. Saa 61:14. Sikuigusa, nikafunga.

Siku hiyohiyo nilifanya kosa jingine kwenye gemu yangu mwenyewe, na nashukuru lilianzia kwangu. Nilicheza dakika arobaini, nikasevu ndani ya gemu, kisha nikashikilia batani ya kuzima mpaka kidude kikafa. Nilipowasha, zile dakika arobaini hazikuwapo. RetroArch ilikuwa inaweka sevu kwenye RAM na kuiandika kwenye kadi pale tu unapofunga gemu kwa utaratibu. Ukikata umeme, unabaki na ya mwisho iliyoandikwa.

Kuna mpangilio wa kuandika sevu kila baada ya sekunde kadhaa. Kwangu ulikuwa umezimwa. Nimeuweka sekunde 10.

Kuna na mtego wa tatu, unaowapata wengi. Emuleta inakupa uwezo wa kuganda gemu mahali popote na kurudi hapo baadaye. Ni kitu kitamu, lakini mgando huo unabeba pia picha ya SRAM ya wakati ule. Ukifungua mgando wa wiki iliyopita, sevu yako ya leo ndani ya gemu inafunikwa na ya zamani. RetroArch ina chaguo la kuzuia mgando usiguse SRAM. Liwashe.

Jumapili, 18 Mei: kubishana na skrini

Siku ya raha. Game Boy ilikuwa na pikseli 160 kwa 144. Ukizidisha mara tatu unapata 480 kwa 432, inakaa ndani ya 640 kwa 480 na kila pikseli ya zamani inakuwa mraba kamili. NES, mashine ya Nintendo ya kuchomeka kwenye televisheni, 256 kwa 240, mara mbili inafika 512 kwa 480, yaani inagusa juu na chini bila kubaki hata mstari. Kwa hizo nimewasha ukuzaji wa namba kamili na sina la kuongeza.

Game Boy Advance ndiyo yenye ugomvi. Pikseli zake ni 240 kwa 160. Mara mbili ni 480 kwa 320: safi, ila unachungulia dirisha katikati ya ukuta mweusi. Ukiivuta ijaze upana, unazidisha kwa 2.67, na hapo baadhi ya pikseli zinapata upana wa mbili na nyingine tatu. Maandishi yakipita yanatetemeka kama yana homa. Nilijaribu shada (vichujio vya picha) nyingi nzito za kuiga televisheni za zamani. Zilipendeza kwenye picha ya kusimama na kukifanya kidude kikohoe gemu ikianza kukimbia. Iliyobaki ni `sharp-bilinear-simple`, nyepesi, inayolainisha kingo tu.

Rangi nazo. Game Boy Advance ya kwanza, ya mwaka 2001, haikuwa na taa ndani ya skrini, kwa hiyo watengenezaji wengi walizidisha mwanga wa rangi ili zionekane. Kwenye skrini ya leo zinachoma macho. mGBA, emuleta ya Game Boy Advance, ina chaguo la kurekebisha rangi. Liwashe, angalia majani, yatakuwa ya kijani badala ya rangi ya pipi.

Mada, mandhari na picha za majalada nimetumia saa nzima na sizipendekezi kwa mtu yeyote.

Jumapili, 25 Mei: PlayStation

CD nilizisoma kwa kompyuta zikawa `.bin` na `.cue`, kisha nikazibana kuwa CHD kwa chombo kinachotoka kwa watu wa MAME, emuleta ya mashine za gemu za kumbi:

`chdman createcd -i gemu.cue -o gemu.chd`

CD mbili za gemu moja zilishuka kutoka GB 1.2 hadi MB 740. Ikikataa na kusema faili halionekani, fungua `.cue` kwa kihariri cha maandishi. Ndani yake kuna jina la `.bin`, na kama ulibadilisha jina la faili kwa nje, ndani bado limo la zamani.

BIOS, programu ya ndani ya PlayStation ambayo emuleta inaihitaji, ilinipotezea jioni. Nilikuwa nayo, KB 512 kamili, folda sahihi, na bado emuleta inatumia ile ya kuiga. Faili liliitwa `SCPH5501.BIN`. Kwenye Linux herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, inatakiwa `scph5501.bin`. Kinachoudhi ni kwamba haikupi onyo. Gemu nyingi zinaendelea kama kawaida na moja moja inagoma, ukadhani tatizo ni gemu.

Gemu moja ilikuwa toleo la Ulaya na mwendo wake ulikuwa unadunda. Hilo si kosa la mpangilio: matoleo hayo yanatoa fremu 50 kwa sekunde na skrini inaonyesha 60, kwa hiyo kila fremu ya tano inaonyeshwa mara mbili. Kama una toleo la Marekani au Japani la gemu hiyohiyo, tumia hilo.

Kosa kubwa la wiki lilisubiri mwisho wa CD ya kwanza. Nilisevu, nikafunga, nikafungua CD ya pili kama gemu nyingine. Kadi ya kumbukumbu tupu, nafasi zote 15 wazi. Emuleta iliipa kila CD kadi yake kulingana na jina la faili. Dawa ni faili la maandishi lenye kiambishi `.m3u`, ndani yake majina ya CD zote, kila moja kwenye mstari wake. Unafungua hilo badala ya CD, na zote zinatumia kadi moja. Sevu yangu niliiokoa kwa kulipa faili la kadi ya kumbukumbu la CD ya kwanza jina lilelile la faili la `.m3u`.

Jumamosi, 7 Juni: saa iliyorudi nyuma

Nilitaka bakapu ya kujiendesha. Nilikuwa nachomeka kadi kwenye kompyuta na kuendesha `rsync -au`, amri ya kunakili mafaili kati ya folda mbili, kwenda, kisha kurudi, ili sevu mpya zaidi ishinde pande zote mbili. Kwa wiki mbili ilikwenda vizuri.

Wiki hii niliacha kidude kwenye droo, betri ikaisha kabisa. Nikachaji, nikacheza jioni mbili, nikachomeka kadi, nikaendesha amri. Sevu zikarudi zilivyokuwa kabla ya hizo jioni mbili.

Nilikagua tarehe za mafaili na kucheka kwa uchungu. Betri ilipokufa, saa ya kidude ilirudi miaka kadhaa nyuma, na kwa kuwa hakina Wi-Fi hakikuwa na pa kuuliza. Kila nilichosevu kilipewa tarehe ya zamani. `rsync` ikaona mafaili ya kidude ni mazee, yale ya kompyuta ni mapya, ikafanya nilichoiamuru.

Sasa safari ni ya upande mmoja tu, kutoka kidude kwenda kompyuta. Inalinganisha yaliyomo badala ya tarehe, na inayofunikwa haifutwi bali inahamishwa:

`rsync -a --checksum --backup --backup-dir=../zamani-$(date +%F-%H%M) sevu/ ~/bakapu/sevu/`

Sevu ni mafaili ya KB chache. Naweza kuweka nakala za miaka kumi bila kuhisi. Hii saa iliyopotea ingenipata baada ya dada kucheza, nisingeandika ingizo linalofuata.

Jumamosi, 14 Juni: makabidhiano

Nimeweka saa, nimechaji, nimejaribu kuzima vibaya mara tano makusudi na sevu ya majaribio ikabaki kila mara. Nintendo 64 nimeiacha: baadhi ya gemu zinakwenda, nyingine zinavuta miguu, na chipu hii haina zaidi ya kutoa.

Jumla ya mradi: saa kama thelathini, kadi tatu ambazo moja ndiyo inayofanya kazi (ya mfumo na gemu nimezikusanya zote kwenye GB 64 mpaka nipate nyingine ya kuaminika), chupa ndogo ya isopropili, na kisomaji ambacho tayari watu wawili wameniomba.

Dada alikaa nacho kwenye kochi bila kusema kitu. CHUI alikuwa amesimama ndani ya pango, ana dawa mbili na upanga ulioisha makali.

"Nilimwacha humu kweli?" akaniuliza. "Na dawa mbili?"

Alijaribu kutoka nje mara nne, akafa mara nne. Mara ya tano akapata mlango, akasevu mwenyewe bila kukumbushwa. 61:52. Usiku nikaendesha bakapu: faili moja limebadilika, baiti 32,768.